Sehemu ya Ishirini na Sita

Bwana Lindqvist aliilaza kalamu sambamba na ukingo wa meza,
akauliza kama anayeuliza saa:
"Lori lilichukuliwa lini?"

Februari, nikasema. Usiku, theluji imeacha kuanguka.
Nilisikia mnyororo ukikaza, nikadhani ni jirani.
Asubuhi uwanjani palibaki mstatili wa changarawe tupu
na kiti cha mtoto kimewekwa juu ya ngazi,
kwa adabu kabisa.

Aliandika neno moja. Februari, nadhani.

Miaka kumi na moja nachomelea vyuma
ndani ya matumbo ya nyambizi, hapa Bremerton.
Najua mshono upi uko wapi, na kwa nini,
na sijauambia hata mto ninaolalia.
Lakini barua iliyonijia haikuuliza mishono.
Iliorodhesha: hospitali, dola elfu kumi na tisa;
kadi mbili; lori;
na daktari wa meno, mia tatu na kumi na mbili,
niliyemsahau kabisa, Mungu anisamehe,
na jino lenyewe nilishaling'oa.

Dawa ya deni kulipa, najua.
Nalipa. Hamsini kila tarehe tano,
tangu Dale alipotoka wodini akitembelea fimbo.
Risiti nimezipanga katika boksi la viatu vya Corinne,
vile vyekundu, namba thelathini na moja.
Nilimpigia hata yule wa meno:
simu ikaita kwenye duka la mazulia.
Kliniki ilifungwa, mwenyewe kafa,
deni lake limeuzwa mara tatu kama mbuzi wa mnadani,
na kila mnunuzi kalipa pungufu ya mwenzake.
Sasa nimlipe nani?
Bwana Lindqvist akatazama dirisha.

Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza
kwamba kudaiwa peke yake si kosa;
ugonjwa hauna hodi, kazi hupotea, ndoa huvunjika.
Wanachotazama ni ulifanya nini baadaye,
na kama mkono mtupu ungejikunja au ungefunguka
mgeni mwenye tabasamu akileta bahasha.
"Je, yuko mtu," akauliza, "ambaye ungeona vibaya akijua?"

Hapo ndipo nilipoijua bei yangu.
Haikuwa elfu kumi na tisa.
Ilikuwa baba.

Orville Stensrud, miaka thelathini na minne
katika gati hizihizi,
asiyeazima hata nyundo.

Nilimpigia usiku uleule, nimekaa jikoni gizani.
Nikazitaja tarakimu zote, hata za jino.
Kimya. Friji yake ikanguruma, ikanyamaza.
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Themanini na mbili, mdogo wako alipozaliwa kabla ya siku,
niliweka rehani pete ya mama yako.
Sikuweza kuikomboa.
Nilimwambia imeponyoka kwenye sinki.
Alilifungua lile bomba mara mbili, Twyla.
Mara mbili. Kwa spana yangu."

Na kitambulisho cha kazi, ulikuwa nacho mfukoni?

"Kila siku."

Leo wiki ya saba.
Changu kiko katika droo ya mtu.
Nimewekwa nje ya uzio, nagawa glavu:
namba nane, namba tisa, saini hapa.
Wenzangu wakipita hunisalimu
kwa ile sauti ya kumtazamia mgonjwa.
Nyambizi naziona migongo tu.

Fomu nimeijaza upya, kurasa zote.
Yangu yote yamo; hakuna awezaye kuniuzia
kile nilichokwisha kukitoa bure.
Ila ile pete.

Jumapili mama alisimama kwenye sinki lile,
anaosha vikombe,
akaliangalia tundu la maji
muda mrefu kidogo kuliko kikombe kinavyohitaji.
Baba akaniangalia mimi.
Nikachukua kitambaa, nikaanza kukausha.